Kusawazisha Joto Katika Tanuri la Kubanikia Samaki

Kikapu cha samaki wa moshi kinapofunguliwa sokoni, mnunuzi mzoefu hatosheki na samaki wa juu. Hupekua mpaka chini. Mara nyingi atakuta kambale aliyeungua hadi ngozi yake imekuwa mkaa, na kando yake mwingine, aliyebanikwa siku ile ile juu ya moto ule ule, ambaye nyama yake bado ina maji karibu na uti wa mgongo. Wa kwanza amepoteza ladha na uzito. Wa pili ataota ukungu au kuingiwa na mabuu baada ya siku chache. Kwa hiyo mchuuzi hupata hasara mara mbili katika kikapu kimoja.

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, jambo hili si dogo. Bonde la mto Malagarasi na mto Moyowosi lina mabwawa na madimbwi mapana yenye kambale na perege wengi. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi iliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania. Samaki wanaovuliwa mbali na barabara na mbali na barafu hawana budi kukaushwa papo hapo, na moshi ndiyo njia ya kale. Lakini moshi hutaka kuni, na misitu ya miombo ya wilaya hizi imebeba mzigo mzito, hasa tangu miaka ya 1990 wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo walipopokewa huko. Tanuri linalounguza nusu ya samaki na kuacha nusu mbichi linapoteza chakula na msitu kwa pamoja.

Joto linapotea wapi?

Hesabu fupi itaonyesha ukubwa wa upotevu huo. Sehemu kubwa ya uzito wa kambale mbichi, takriban robo tatu au zaidi, ni maji. Ili kuondoa kilo 5 za maji katika kilo 10 za samaki, yahitajiwa nishati ya karibu megajuli 11.5. Kilo moja ya kuni kavu hutoa takriban megajuli 15. Kwa nadharia, basi, kuni zisizofika kilo moja zingetosha. Kila mwenye kubanika samaki juu ya kichanja cha miti anajua kwamba huchoma kuni nyingi zaidi ya hizo. Tofauti kati ya nadharia na kichanja ni joto lililopanda angani bila kumgusa samaki.

Hatua ya kwanza ya kupunguza hasara hiyo ni kuuweka moto ndani ya chombo. Fundi wa mabati anaweza kulilaza pipa la lita 200, akalikata mlango ubavuni, akaweka wavu ndani, kisha akaunganisha chumba kidogo cha moto kwenye ncha moja na bomba la moshi kwenye ncha ya pili. Moto hauko tena chini ya samaki, na mafuta yanayodondoka hayaangukii makaa. Jambo hilo lina faida kwa afya, kwa kuwa mafuta yanayoungua, pamoja na kuni zinazowaka kwa ukali, huzalisha kemikali zinazoweza kuleta saratani. Mojawapo ni benzopaireni. Tangu mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu samaki wa moshi kuwa na zaidi ya mikrogramu 2 za kemikali hiyo katika kilo moja.

Hata hivyo, tanuri la namna hii lina kasoro yake. Samaki walio karibu na chumba cha moto huungua, na walio karibu na bomba hubaki nyuma. Mara nyingi dawa inayotumiwa ni kuongeza moto, nayo huzidisha ugonjwa.

Sababu za kasoro

Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, ambapo hupita ndani ya kitu kigumu kama chuma, myuko, ambapo huchukuliwa na hewa au maji yanayotembea, na mnunurisho, ambapo hutoka kwenye kitu chenye moto na kuvuka nafasi kama mwanga. Katika pipa letu njia mbili za mwisho ndizo zenye lawama.

Kwanza, makaa na ndimi za moto hununurisha joto moja kwa moja kupitia tundu la chumba cha moto. Samaki anayelitazama tundu hilo hupigwa kama mtu aliyekaa karibu na meko, na aliye mbali hupata kidogo tu. Pili, hewa iliyopashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za sentigredi hutanuka kwa zaidi ya robo, ikawa nyepesi. Mara inapoingia pipani hupanda darini, hukimbia chini ya dari hiyo, na kutoka kwa bomba lililotobolewa juu. Samaki walio kwenye wavu wamepitwa tu, kama kijiji kilichopitwa na barabara kuu.

Marekebisho manne

Marekebisho yanayofaa hayaongezi moto. Hubadilisha njia ya hewa.

La kwanza ni kinga. Bamba la chuma huwekwa mbele ya tundu la chumba cha moto, likiwa limeinama kuelekea chini. Huzuia mnunurisho na kuilazimisha hewa ya moto ipite chini ya wavu kabla ya kupanda.

La pili ni bamba lenye matundu, linaloendelea kutoka kwenye kinga hadi karibu na ncha ya pili. Matundu ya upande wa moto huwa madogo na machache, na kadiri yanavyokwenda mbali huongezwa ukubwa na idadi. Hewa iliyo kali zaidi hubanwa, na ile iliyopoa hufunguliwa njia.

La tatu ni bomba la moshi. Mdomo wake wa ndani hushushwa hadi usawa wa wavu, ili hewa isiweze kutoka kabla ya kushuka mahali walipo samaki.

La nne ni kuziba nyufa za mlango na maungio kwa udongo wa mfinyanzi. Joto hurekebishwa kwa kilango cha hewa cha chumba cha moto, na bomba huachwa wazi. Bomba likizibwa, moshi hudumaa na kumpaka samaki masizi machungu.

Tahadhari mbili ni za lazima. Pipa lililobeba sumu au dawa za mashamba lisitumiwe kamwe, na lililobeba mafuta lisafishwe kabisa kabla ya kukatwa, kwani mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Vilevile mabati yaliyopakwa zinki yasiwekwe karibu na moto, kwa sababu zinki ikichomwa hutoa moshi wenye madhara.

Kupima kabla ya kusifu

Tanuri lililorekebishwa lisiaminiwe kwa macho. Darasa la fizikia laweza kulipima kwa muhogo, zao lisilokosekana Kasulu wala Kibondo. Vipande sita vya unene wa sentimita moja, kila kimoja cha gramu 50, hupangwa kwenye wavu: viwili upande wa moto, viwili katikati, viwili upande wa bomba. Baada ya saa moja hupimwa tena. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kipande cha upande wa moto kimepoteza gramu 30 na cha upande wa bomba gramu 12. Uwiano ni 2.5. Tanuri lililo sawa kabisa lingekuwa na uwiano wa 1. Kila rekebisho lifanywe peke yake, kwa uzito ule ule wa kuni, na jaribio lirudiwe mara tatu. Vinginevyo haitajulikana ni badiliko lipi lililofanya kazi.

Ikiwa kipimajoto kipo, kisahihishwe kwanza kwa maji yanayochemka. Hapa wanafunzi wa nyanda za juu wawe waangalifu: maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani, lakini kwenye mwinuko wa meta 1,500 huchemka kwa takriban nyuzi 95, kwa sababu kanieneo ya hewa imepungua. Kipimajoto kinachoonyesha 95 mahali kama hapo hakijaharibika.

Tatizo hili limewashughulisha watu wengine Afrika. Nchini Ghana, tanuri la Chorkor, lililopewa jina la kitongoji cha wavuvi jijini Accra, hutumia trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, na mbanikaji huzibadilisha nafasi ili kila trei ipate zamu yake ya joto. Nchini Senegali, katika chuo cha Thiaroye, wataalamu walishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuliendeleza zaidi, wakaongeza sahani ya kukusanya mafuta na njia ya kutengenezea moshi mbali na moto mkali. La kwanza lilisawazisha joto kwa kumhamisha samaki. Pipa la kando hulisawazisha kwa kuiongoza hewa.

Mwenye kubanika samaki, mara nyingi mama aliyeinama juu ya moshi tangu alfajiri, amekuwa akilaumiwa kwa uzembe kila samaki anapoungua. Fizikia inamwondolea lawama hiyo. Alikuwa akipigana na hewa inayofuata kanuni zake, na kuni alizoongeza ziliipa hewa hiyo nguvu zaidi ya kumkimbia. Vipande sita vya muhogo, mizani, na bamba moja la chuma vyaweza kuwa mwanzo wa kuirudisha hewa hiyo kwenye kazi.