Mizani ya Mgombea

Nchi ya Kyela, kutoka Kasumulu hata Matema, ni nchi ya mpunga, kakao na michikichi. Mkulima wake huijua biashara kwa kitu kimoja: mizani. Basi anapotokea mtu wa biashara kuomba kura kwa mara ya kwanza, yafaa apimwe kwa mizani iyo hiyo.

Tukumbuke habari za marehemu Paul Bomani. Huyu aliinukia katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Wakulima wa pamba walipokuwa wakipunjwa na wanunuzi, alishirikiana nao kuunda umoja, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mtaji wake katika siasa haukuwa fedha, bali imani ya wakulima. Akapanda hata kuwa Waziri wa Fedha. Lakini katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU waliposimama kwa alama za jembe na nyumba, wapiga kura walimwangusha.

Kyela nayo imekwisha kutoa funzo hilo. Mwaka 2020 Dk. Harrison Mwakyembe, waziri, na mbunge tangu 2005, alishindwa katika kura za maoni za chama.

Ndugu wanachama, ikiwa waziri hupimwa, tajiri je? Tumwulize: mazao yetu aliyanunua kwa bei gani? Vibarua wake aliwalipa kwa wakati? Asiyeweza kujibu mbele ya mkulima na mfanyakazi, fedha zake zisimjibie.