Minyoo Haijui Ua wa Skuli

Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi chuoni ambaye kila baada ya Alasiri alikuwa akisinzia juu ya juzuu yake. Nilimwita mvivu, tena mbele ya wenzake, Mwenyezi Mungu anisamehe. Mamake alipompeleka zahanati, kipimo cha choo kilionyesha safura, na damu ya mtoto ilikuwa imepungua sana. Tangu siku hiyo, nikisikia habari za minyoo na masomo hutega sikio.

Utafiti uliovuma zaidi katika jambo hili ulifanywa papa hapa Kenya, huko Busia. Michael Kremer, mwanauchumi wa Marekani aliyewahi kusomesha sekondari magharibi mwa nchi yetu, alishirikiana na Edward Miguel, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu Harvard. Skuli za msingi 75, zenye watoto zaidi ya 30,000, ziligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipewa dawa mwaka 1998, la pili 1999, na la tatu likangoja hadi 2001. Je, ni haki kumngojesha mtoto mgonjwa? Nami nimejiuliza, ingawa fedha na watu wa kuzifikia skuli zote kwa mara moja havikuwapo.

Tofauti ilijitokeza upesi. Palipofika dawa, kukosa skuli kulipungua kwa robo. Lakini alama za mitihani hazikuachana. Mtoto alifika darasani, na kufika si kufaulu. La kustaajabisha zaidi ni kwamba hata watoto ambao hawakumeza kidonge walipata nafuu. Miongoni mwao walikuwamo wasichana wa miaka 13 na zaidi, waliokuwa wakinyimwa dawa kwa kuchelea mimba.

Sababu yake imo ardhini. Mayai ya safura hutoka na choo, huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, kisha viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Anayetibiwa huacha kuyamwaga mayai hayo, na jirani yake hukanyaga udongo ulio salama zaidi.

Mwaka 2015 wataalamu wa London walizirudia hesabu zile wakakuta makosa, hasa katika kupima manufaa ya skuli za mbali, na ubishi ukawa mkali. Mimi nawasifu watafiti wa kwanza kwa kulitoa daftari lao lihakikiwe; si wengi wenye moyo huo. Miguel na Kremer, pamoja na wengine, wakawafuatilia watoto wale hadi utu uzima, na taarifa ya mwaka 2021 ikasema kuwa waliotangulia kupata dawa walikuwa na pato la saa lililozidi la wenzao kwa asilimia 13.

Kwetu pwani, suala lilikuwa jingine: je, inatosha kuwatibu watoto wa skuli peke yao? Kati ya 2015 na 2017 jambo hili lilipimwa Kwale. Sehemu nyingine dawa ilitolewa skuli tu, nyingine ikapelekwa nyumba kwa nyumba kwa wakubwa na wadogo. Safura ilishuka zaidi sana pale nyumba nzima ilipotibiwa. Mama alimaye pekupeku hubeba safura kama mwanawe, naye ndiye mwenye haja kubwa ya damu, kwa hedhi na kwa uzazi. Mjamzito asimeze kidonge bila kumwuliza mkunga au daktari, kwani miezi mitatu ya mwanzo huepukwa. Baada ya hapo anaweza kutibiwa.

Mwanafunzi wangu alipona, akahitimu juzuu zake, na leo ana watoto. Mamake alikuwa na shamba la mihogo nyuma ya nyumba, na sikumbuki kumwona na viatu akiwa humo. Siku ile zahanati alipimwa mtoto peke yake. Mama akapewa dawa ya mwanawe, akarudi shambani, wala hakuna aliyemwuliza kama naye husikia kizunguzungu.