TETEMEKO LA SUMATRA LILIVYOBISHA HODI KWETU

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Leo nataka kukueleza juu ya fahali wawili wasio na pembe wala kwato, nao ni mabamba ya dunia.

Katika somo la Jiografia tunafunzwa kwamba tabaka la juu la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa ya miamba, na mabamba hayo hayatulii. Kwetu katika Bonde la Ufa yanaachana polepole. Lakini magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, huko Indonesia, mambo ni kinyume. Hapo mabamba mawili yanasukumana. Lile la baharini, kwa kuwa ni zito zaidi, huinama na kupita chini ya mwenzake, sentimita chache tu kwa mwaka, yaani mwendo wa kucha zako zinavyokua.

Sasa, taabu iko wapi? Taabu ni kwamba mabamba haya hukwama kwa sababu ya msuguano. La chini linazidi kusukuma, na la juu linazidi kukunjika. Hebu chukua rula ya plastiki, ishike imara upande mmoja, kisha uikunje upande wa pili kwa kidole. Ukiachilia, inaruka ghafula! Tofauti ni kwamba dunia huikunja rula yake kwa mamia ya miaka.

Tarehe 26 Desemba 2004 rula hiyo iliachiliwa. Huku kwetu ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, watu wamelala fofofo. Tetemeko lilikuwa na kipimo cha 9.1, na ufa ukapasuka kwa takriban kilomita 1,300, zaidi ya mara mbili ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Sakafu ya bahari ilipoinuka, iliyasukuma maji yote yaliyokuwa juu yake. Hayo ndiyo mawimbi yaitwayo tsunami. Penye kina kirefu hukimbia kwa kasi ya ndege. Yakikaribia ufuo hupunguza mwendo, lakini hujirundika na kuinuka juu. Watu zaidi ya 220,000 walifariki.

Mawimbi hayo yalivuka Bahari ya Hindi kwa saa nyingi, na mchana wa siku iyo hiyo yakafika Afrika Mashariki. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Hapa Kenya alifariki mtu mmoja. Maji yalikuwa yamekupwa, na isitoshe, habari zilikuwa zimetangulia mawimbi, watu wakaondolewa ufuoni.

Lakini je, wale walio karibu na tetemeko, ambao hawana hata nusu saa? Kisiwa cha Simeulue kiko karibu sana na mahali lilipoanzia. Mwaka 1907 kisiwa hicho kilipigwa na tsunami, na waliosalia wakalipa janga hilo jina, smong. Wakalitia katika ngano na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Mwaka 2004 wenyeji hawakungoja redio wala polisi. Walipiga mbio mlimani, wazee kwa vijana. Kati ya watu zaidi ya 70,000, walifariki 7 tu.

Ndugu wanachama, kuna wenzetu wanaouliza eti fasihi simulizi ina faida gani. Jibu ndilo hilo! Mpaka leo hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko. Mitambo ya kutoa tahadhari katika Bahari ya Hindi iliwekwa baada ya maafa hayo, lakini wimbo wa nyanya ulikuwa umetangulia kwa karibu miaka 100.

Kwa hivyo, ukiwa pwani nawe usikie tahadhari, usishuke ufuoni kwenda kutazama. Panda juu, na umvute mwenzako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.