Doa la Njano Linaloamua Kisima

Maji yenye arseniki hayana rangi wala harufu, na ladha yake ni ile ile ya maji. Ndiyo maana Bangladesh iliinywa sumu hiyo kwa miaka mingi kutoka kwenye visima vya pampu ya mkono, ambavyo vilichimbwa ili kuwaepusha watu na kipindupindu na magonjwa mengine ya maji ya madimbwi. Hatari ilipobainika miaka ya 1990, nchi ilikuwa na mamilioni ya visima na maabara za kuhesabika.

Karatasi ikaokoa jahazi. Kipimo chenyewe asili yake ni karne ya 19: maji hutiwa chupani pamoja na asidi na unga wa zinki. Arseniki hugeuka gesi, hupanda, na kukutana na kipande cha karatasi kilicholowekwa bromidi ya zebaki. Hapo hutokea doa, la manjano hafifu sumu ikiwa kidogo, la kahawia ikizidi. Mpimaji hulilinganisha na kadi ya rangi, akamaliza kazi bila umeme wala mashine. (Karatasi zilizotumika zina zebaki, kuzitupa kando ya kisima ni kuleta sumu nyingine.)

Kufikia 2003, visima karibu milioni 5 vilikuwa vimepimwa. Takriban milioni 1.4 vilivuka kiwango cha nchi, mikrogramu 50 kwa lita, vikapakwa rangi nyekundu. Vingine vikapakwa kijani, ingawa Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 10 tu.

Je, doa linaaminika? Visima 799 vya eneo la Araihazar, nchini humo, vilipimwa upya maabara, na matokeo yaliyochapishwa 2005 yakaonyesha kuwa kipimo cha kisimani kilipatia kwa asilimia 88. Kilipokosea, mara nyingi kilikuwa kinapunguza kiwango cha sumu kwenye maji yenye mikrogramu 50 hadi 100, hivyo kisima kibaya kikapita. Maelekezo yalitaka kungoja dakika 20. Watafiti walipongoja 40, dosari ile ikaondoka. Ni marekebisho yasiyogharimu hata senti, ila kwa mpimaji mwenye pampu za kijiji kizima mbele yake, dakika hizo ni nyingi.

Arseniki haikutawanyika sawasawa ardhini. Kisima chekundu na cha kijani huweza kuwa majirani, na kwa sababu hiyo familia nyingi zilihamia pampu ya jirani. Lakini uchimbaji haukukoma baada ya kampeni hiyo ya upimaji: watu wameendelea kuchimba visima vyao kwa fedha zao, na vingi havikupimwa.