Kazi ya Mungu Haina Makosa? Kweli na Si Kweli Kuhusu Imani na Mateso

Kwa miaka mingi, mtu aliyetoka Geita au Sengerema kwenda Mwanza mjini alifika Busisi, kando ya ziwa, akasimama. Mchuuzi wa samaki alingoja kivuko, mwanafunzi alingoja, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bugando naye alingoja. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeiondoa foleni ile. Yapo maneno, hata hivyo, ambayo daraja halikuyaondoa: yale tunayoambiana kila penye ugonjwa na msiba, tukidhani yote yametoka katika Biblia. Tuyapime.

1. "Aliyepatwa na balaa, ana dhambi yake."
Si kweli. Hivyo ndivyo walivyosema rafiki zake Ayubu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18 wakafa, Yesu alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13). MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa karibu, na zaidi ya watu 800 wakapoteza maisha. Nani atathubutu kusimama kwenye makaburi yao pale Igoma akaanza kuhesabu dhambi?

2. "Ajali ni mapenzi ya Mungu, tusiulize maswali."
Si kweli. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hesabu hiyo haikupangwa mbinguni. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye nyumba anaamriwa kujenga ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Maana yake, Mungu mwenyewe anataka tuulize nani alipaswa kuweka ukingo. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni neno la kumfariji mfiwa. Likitumika kufunika uzembe, tunamsingizia Mungu.

3. "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba."
Si kweli. Wengi wanautaja 1 Wakorintho 10:13, lakini mstari ule unazungumzia majaribu na mlango wa kutokea. Paulo huyohuyo, akiwaandikia watu walewale barua nyingine, anakiri kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Ipo mizigo inayomshinda mtu. Ndiyo maana Wagalatia 6:2 inatuagiza tuchukuliane mizigo.

4. "Mwenye imani halii wala halalamiki."
Si kweli. Yesu alilia akienda kwenye kaburi la Lazaro. Zaburi zimejaa malalamiko, na moja yake ilikuwa kinywani mwa Yesu msalabani. Watu wa ziwa wataielewa vizuri Marko 4: chombo kinajaa maji, wanafunzi, ambao baadhi yao ni wavuvi wazoefu, wanamwamsha Yesu kwa kumlalamikia kana kwamba hajali. Anaikemea dhoruba kwanza. Swali la imani linafuata baada ya shwari. Kelele zao hazikumzuia kuwaokoa.

5. "Ukimtumainia Mungu, hospitali ya nini?"
Si kweli. Bugando yenyewe ni hospitali ya Baraza la Maaskofu Katoliki. Soma pia Matendo 27: Paulo ameahidiwa kwamba hakuna atakayekufa, lakini mabaharia wanapotaka kutoroka kwa mashua, anasema wasipobaki melini wengine hawataokoka. Meli ikavunjika, na watu wote 276 wakafika nchi kavu: wenye kujua kuogelea wakaogelea, wengine wakashika mbao. Ahadi ilitimia kwa mikono, miguu na mbao.

6. "Jema laweza kutoka katika mateso."
Kweli, ila chunga ulimi. Upande wa pili wa maji kutoka Busisi iko Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walijikita mwaka 1883 baada ya kulazimika kuondoka Buganda. Mahali walipokimbilia pakawa chimbuko la misheni. Lakini Warumi 8:28 haisemi kila kinachotokea ni chema. Inasema Mungu hufanya kazi katika yote. Hilo mteswa hulitamka mwenyewe, siku yake ikifika. Asiharakishwe na mgeni aliyekuja kuhani.

Tuwatendee haki na rafiki zake Ayubu. Kabla ya kufungua vinywa vyao, walikaa naye chini, juu ya ardhi, siku 7 mchana na usiku, bila kusema neno. Matanga yale waliyakaa vizuri.