JOTO NA TUFANI KATIKA NCHI YA UFARANSA
Onyo lafaa nini lisipomfikia mtu?

Watu wengi hudhani ya kuwa Ulaya ni nchi ya baridi na theluji mwaka mzima. Sivyo. Katika Ufaransa miezi ya Juni, Julai na Agosti ni majira ya joto, wakati wa kuvuna ngano na kukomaza zabibu. Lakini miezi hiyo hiyo huweza kuleta maafa ya namna tatu: joto kali la siku nyingi, tufani zenye mvua ya mawe, na mafuriko ya ghafula.

Agosti ya mwaka 2003 haitasahauliwa na Wafaransa. Mchana joto lilifika digri 40 za sentigredi mahali pengi, wala usiku haukuleta nafuu. Mjini Paris, usiku wa kuamkia tarehe 12, kipimo hakikushuka chini ya digri 25. Mwili uliochoshwa na joto la mchana huhitaji ubaridi wa usiku ili upumzike. Usipoupata, moyo huelemewa, hasa moyo wa mzee. Nyumba nyingi za Paris zilijengwa kwa kuzuia baridi, na vyumba vya juu, vilivyo chini ya mapaa ya bati, viligeuka kama tanuri.

Watu wapatao 15,000 walikufa zaidi ya hesabu ya kawaida. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi waliishi peke yao, katika mwezi ambao watu huenda likizo. Mahali pa kuwekea maiti palijaa, hata ghala la baridi la vyakula huko Rungis likatumiwa. Maiti 57 ambazo hakuna jamaa aliyekuja kuzichukua zilizikwa Thiais, karibu na Paris, na Rais Jacques Chirac mwenyewe alihudhuria. Mashambani nako mavuno ya mahindi yalipungua kwa kadiri ya sehemu 30 katika kila mia.

Baada ya msiba huo serikali ilitengeneza mpango mpya mwaka 2004. Idara ya hali ya hewa, Météo-France, tangu 2001 ilikuwa ikitoa ramani ya rangi nne: kijani, manjano, chungwa na nyekundu, sasa joto kali nalo likaingizwa humo. Kila halmashauri ya mji iliagizwa kuweka daftari la wazee na walemavu wanaotaka kuandikwa, ili wakati wa hatari waulizwe hali zao. Wafanyakazi nao walitakiwa kufanya kazi siku moja zaidi kila mwaka bila mshahara, fedha zitumike kuwatunza wazee na walemavu.

Je, mpango huo ulifaa? Julai 2006 joto kali lilirudi. Watu wapatao 2,000 walikufa zaidi ya kawaida, lakini wataalamu walipofanya hesabu waliona ya kuwa, kwa joto la kadiri ile, wangetazamiwa kufa zaidi ya 6,000.

Tufani ni jambo gumu zaidi. Hewa ya joto huweza kuchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, kiasi cha sehemu 7 katika mia kwa kila digri inayozidi. Hewa hiyo ipandapo kwa nguvu hata kwenye baridi ya juu, matone huganda, hurushwa juu tena na kuongezeka ukubwa, hata yawe mazito na kuanguka. Mkulima wa chai wa Kericho huijua vema mvua ya mawe; mkulima wa zabibu wa Ufaransa huiogopa vivyo hivyo, kwa kuwa dakika chache zatosha kuharibu kazi ya mwaka mzima. Wengine hufunika mizabibu yao kwa nyavu.

Tarehe 15 Juni 2010 mvua ya karibu milimita 400 ilinyesha kwa siku moja katika sehemu za Var, kusini, na watu zaidi ya 20 wakafa kwa mafuriko. Tarehe 18 Agosti 2022 tufani ilipiga kisiwa cha Corsica kwa upepo uliofika kilomita 225 kwa saa. Onyo la rangi ya chungwa lilitolewa asubuhi ile ile, tufani ikiwa imekwisha kukaribia. Watu watano walikufa, na miongoni mwao wamo waliokuwa wamepiga kambi chini ya miti.

Joto huja polepole, na mtu huweza kuonywa siku kadhaa mbele. Tufani huweza kuzaliwa baharini usiku na kuua asubuhi. Kwa hiyo anayekaa bondeni au kambini hana budi ajue mapema mahali pa kukimbilia, asingoje ramani ibadilike rangi. Na kwa habari ya joto, ramani haimpi mzee maji ya kunywa. Hapana budi awepo mtu wa kubisha hodi mlangoni pake.