Mwanafunzi wa Angahewa na Anga la Katanga

Mji wa Likasi umekaa juu ya uwanda wa Katanga, takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, katikati ya vilima vyenye shaba na kobalti. Na mtu aamkaye alfajiri katika mwezi wa Juni au Julai, wakati wa kiangazi na baridi, huweza kuona kwa macho yake jambo ambalo vitabu vya elimu ya angahewa hulieleza kwa kurasa nyingi. Moshi wa mbabula, yaani jiko la makaa, iliyowashwa uani hupanda wima kitambo kidogo, kisha husita kana kwamba umegota dari, ukatandaa ubapa juu ya mapaa ya mabati na kukaa hapo. Sababu yake ni hii: usiku wa kiangazi hauna mawingu na hewa yake ni kavu, basi ardhi hupoteza joto lake upesi kuelekea juu, hewa iliyogusana na ardhi hupoa kuliko ile iliyo juu yake, na maadamu hewa baridi ni nzito, huteremkia mabondeni ikatulia huko, moshi nao ukifika mahali ambapo hewa inayouzunguka ina joto sawa na lake, hauna tena nguvu ya kuupandisha. Hali hiyo hudumu mpaka jua lipashe ardhi na kuikoroga hewa, aghalabu saa tatu au saa nne ya asubuhi, na kabla ya hapo watoto waendao shule na wafanyakazi waendao Shituru, ambako shaba na kobalti hutolewa katika mawe kwa asidi ya salfa, huvuta vyote vilivyomwagwa hewani tangu magharibi: moshi wa makaa, wa magari na wa takataka zilizochomwa, pamoja na vumbi la njia za migodi.

Wengi hudhani kwamba shahada ya juu ya sayansi ya angahewa humfundisha mtu kutabiri mvua ya kesho. Kutabiri ni kazi tukufu, nayo ina vyuo vyake. Lakini shahada ya uzamili, na zaidi ya hiyo shahada ya uzamivu, ni kazi ya namna nyingine: ni kutwaa swali moja ambalo halijapata jibu, kuishi nalo miaka miwili, minne au hata sita, na kutoa jawabu ambalo wajuzi wa dunia nzima waweza kulipima, kisha wakalikubali au wakalikataa. Itikadi yangu ni kwamba kijana wa Katanga atakaye kuifuata elimu hii hana haja ya kuazima swali la watu wa mbali, kwa sababu anga lililo juu ya mji wake limejaa maswali, tena ni miongoni mwa anga zilizopimwa kwa uchache mno duniani.

Bonde la Kongo ni mojawapo ya mahali patatu pakuu ambapo hewa ya joto hupanda na kuzaa mawingu ya radi, pamoja na Amazoni na visiwa vya Indonesia. Huko Kabare, Kivu ya Kusini, setilaiti zimehesabu takriban miale 205 ya radi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na palipozidi hapo ni ziwa la Maracaibo nchini Venezuela peke yake. Ilhali vipimo vya ardhini ni haba. Mbelgiji Franz Bultot alitunga atlasi ya tabianchi ya bonde hilo, iliyochapishwa katika miaka ya 1970, kwa vipimo vilivyokusanywa kabla ya uhuru; baada ya hapo vituo vingi vilinyamaza, na mtafiti wa leo atakaye kuijua mvua ya Katanga hutegemea zaidi setilaiti, ambazo zenyewe huhitaji vipimo vya ardhini ili zisahihishwe.

Katika maswali yote, lile la kuanza kwa mvua lanivuta zaidi. Likasi iko nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini karibu na tarehe 21 Oktoba, katika siku za joto kali kuliko zote. Hata hivyo mvua za kweli aghalabu hungoja Novemba. Kinachozizuia si upungufu wa joto. Katika miezi hiyo pepo kavu zitokazo mashariki hukutana na hewa yenye unyevu itokayo upande wa Atlantiki na misitu ya Kongo, na mahali zikutanapo pana mstari ambao wajuzi huuita mpaka wa hewa ya Kongo: upande mmoja hewa imejaa mvuke, upande wa pili imekauka, na tofauti hiyo yaweza kuonekana katika masafa mafupi. Mpaka huo ukivunjika, unyevu husonga kusini na mvua zikaingia. Watabiri wa zamani waliujua, kisha ukaachwa kando kwa muda mrefu, hata mwaka 2019 Emma Howard na Richard Washington wa Chuo Kikuu cha Oxford walipouchunguza upya. Lakini ni siku gani mpaka huo utavunjika juu ya Likasi, Kambove au Lubumbashi, na je, siku hiyo yaweza kujulikana wiki mbili kabla? Mkulima apandaye mahindi kwa mvua ya kwanza, ikiwa ya pili itachelewa, hupoteza mbegu zake zote, na kwake yeye jawabu la swali hili lina thamani kuliko wastani wa mvua wa mwaka mzima.

Swali jingine ni la mioto ya porini. Kila kiangazi misitu ya miombo na mbuga za Katanga, Zambia na Angola huwaka, na moshi wake huchukuliwa na pepo za mashariki hadi juu ya Bahari ya Atlantiki, ambako shirika la NASA la Marekani lilipeleka ndege za utafiti kati ya mwaka 2016 na 2018. Ndege hizo ziliupima moshi mwishoni mwa safari yake. Pale unapozaliwa, upande wetu huu, kazi ingalipo. Nchini Rwanda, juu ya mlima wa Mugogo, mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, kipo kituo cha kupimia hewa kilichojengwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT, na vipimo vyake vimeonyesha kwamba masizi huongezeka katika majira ya ukame kwa sababu ya mioto ya mbali, mara ya kaskazini, mara ya kusini. Mnyarwanda Jimmy Gasore alipata uzamivu wake MIT katika elimu hii, akarudi kukiongoza kituo hicho, na mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu wa nchi yake. Mfano wake naupenda kwa sababu alikwenda ng'ambo akiwa na swali la kwao, na jibu lake lilikuwa na mahali pa kurudi.

Mintarafu ya matayarisho, sina budi kunena waziwazi: mlango wa elimu hii ni hisabati. Aliyesoma fizikia, hisabati, kemia au uhandisi, mathalani katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aweza kuingia hata kama hajapata kuhudhuria somo moja la hali ya hewa. Lakini asiyeweza kalkulasi, elimu ya joto, takwimu na kuandika programu za kompyuta atapata mashaka makubwa. Na akiisha kuingia, akumbuke kwamba vitabu vingi vya darasani viliandikwa na watu wa nchi za baridi. Mzunguko wa dunia huupinda upepo, na nguvu ya kuupinda huongezeka kadiri tuiachavyo ikweta. Huku Likasi ni robo tu ya ile iliyopo Brussels. Basi kanuni ya kwamba upepo hufuata mistari ya mkandamizo wa hewa, ambayo huko ni tegemeo la kila siku, huku ni dhaifu, na mawingu ya radi yenyewe ndiyo yenye kuamua mengi. Mwanafunzi wa tropiki asikate tamaa aonapo kitabu hakilingani na dirisha lake. Pengine hapo ndipo tasnifu yake ilipo.

Vipimo vya kuanzia havilipiwi. Kituo cha Ulaya cha utabiri hutoa bure kumbukumbu iitwayo ERA5, inayoeleza hali ya hewa ya dunia saa kwa saa tangu mwaka 1940, na setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa mwaka 2017, hupima dioksidi ya salfa na gesi nyingine kila siku, juu ya migodi yetu pia. Taabu ni umeme na intaneti, wala si taabu ndogo. Kuhusu chuo, Nairobi imefundisha elimu hii kwa miaka mingi, Rwanda na Cape Town zina masomo ya uzamili. Na taasisi ya hisabati ya AIMS, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na yenye tawi Rwanda, hufadhili vijana wa Afrika kwa uzamili wa hisabati, daraja zuri kwa mwenye upungufu. Marekani aghalabu humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamivu, na mwanafunzi aliyekubaliwa kwa kawaida hasamehewi karo tu bali hupewa na posho, kwa kazi ya kufundisha au ya utafiti. Kwa hiyo ukosefu wa fedha za familia usimzuie mtu kuomba. Mwenye shahada za mtindo wa zamani wa Kongo, graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili, aeleze wazi katika maombi kwamba jumla ni miaka mitano, kwani wageni wengi hawaujui mpango huo.

Kabla ya fomu huja barua kwa profesa. Iwe fupi, katika lugha ya chuo, isiyo na sifa nyingi za mwandikiwa, na itaje kazi yake moja iliyosomwa kwa makini, swali moja la Katanga, na mchoro mmoja uliotengenezwa na mwombaji mwenyewe, tuseme wa unyevu juu ya Likasi kuanzia Septemba hadi Novemba kwa miaka kumi, kwa vipimo vya ERA5. Ipelekwe kabla ya Novemba, kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwezi wa Desemba au Januari.